Bastola Isiyo na Fundi

Kijana wa leo anayekaa kuandika hadithi ya sayansi kwa Kiswahili hukuta silaha moja imekwisha kuwekwa mezani kabla hajakamata kalamu. Ni bastola. Si bastola ya baruti na risasi, ambayo babu zake waliijua na kuiogopa, bali ni kitu kidogo chenye kuenea kiganjani, kisicho na uzito, mlio wala moshi, na kisichoishiwa kamwe. Humulika, na adui huanguka. Mwenye nayo hujilinda kwayo, maana katika hadithi za namna hiyo yeye ndiye ashambuliwaye kila mara, na kila mara ndiye mwenye haki. Mahali hubadilika: ama ni mwezini, ama ni Dar es Salaam ya karne mbili zijazo, ama ni mji wa barabarani mfano wa Gairo, uliovikwa minara ya kioo palipokuwa na magunia ya mahindi na vitunguu. Bastola haibadiliki.

Bastola hiyo ni uongo, wala si uongo wa aina iliyoruhusiwa katika fasihi. Mtungaji ana ruhusa ya kusema lisilokuwapo. Bila ruhusa hiyo pasingekuwa na hadithi duniani. Ruhusa asiyo nayo ni ya kusema lisilogharimu. Sungura wa ngano akimshinda simba, msikilizaji huonyeshwa kisima, na kivuli majini, na ujinga wa simba, hupewa sababu. Bastola ya mwanga haitoi sababu. Haijulikani ilichimbwa katika madini gani, iliundwa na nani, iliuzwa kwa bei gani, na ikiharibika hupelekwa wapi. Mtungaji aliyeitia katika mfuko wa shujaa wake amejiepusha na kazi nusu ya hadithi, kisha huitwa mtu wa kisasa.

Waliobuni silaha za namna hii katika lugha nyingine hawakujistarehesha hivyo, angalau walio bora kati yao. H. G. Wells alipoandika mwaka 1898 habari za viumbe wa Mirihi walioshuka Uingereza, aliwapa silaha ya joto iunguzayo kila inachokielekea. Lakini alijitaabisha kukisia, kama mwanasayansi akisiavyo, jinsi joto hilo linavyoweza kuzalishwa ndani ya chumba na kurushwa mbele kwa kioo kilichopindwa na kusuguliwa. Tena katika sura ya kwanza aliwakumbusha Waingereza mambo yaliyowafika watu wa Tasmania, ili wasomaji wake wajue, hapo moto utakapowashukia, kwamba wao wenyewe walipata kusimama upande wa pili wa silaha kama ile. Na wenye silaha hawakushindwa kwa silaha iliyo kubwa zaidi. Waliuawa na vijidudu vya maradhi, ambavyo hawakuvifikiria kwa kuwa walifikiri sana juu ya mitambo.

Bastola ya kujilinda hasa, ile ndogo, haina budi kutafutwa kwa A. E. van Vogt, mzaliwa wa Kanada, aliyeanza kuchapisha hadithi zake za maduka ya silaha katika miaka ya 1940 na kuziunga kuwa kitabu mwaka 1951. Katika ulimwengu wake maduka hayo huuza bastola yenye sifa ya ajabu: humrukia mwenyewe mkononi anapoihitaji, na haikubali kutumika ila katika kujilinda. Akili ya kupambanua mshambulizi na mshambuliwa imetiwa ndani ya chuma. Wengi wamependezwa na wazo hilo, wala si ajabu, maana linaondoa shida iliyowashinda makadhi na mahakimu tangu dunia kuwapo. Hakimu hukaa miezi akiuliza ni nani aliyeanza. Bastola ya van Vogt hujua papo hapo. Hata hivyo van Vogt alifahamu kwamba alichokibuni kilikuwa hakimu zaidi kuliko silaha, na akamzungushia hakimu huyo maduka, chama, mahakama na ugomvi mrefu na dola. Waigaji wake wameiacha mahakama wakachukua chuma. Tamthilia za televisheni za Marekani nazo, tangu 1966, zilizoea kuonyesha bastola ya mwanga ifichikayo kiganjani, yenye kipimo cha kuzimisha fahamu na kipimo cha kuua, na dunia nzima ikaizoea kama izoeavyo mwavuli.

Na iulizwe basi: bastola hiyo ikifikishwa Gairo, itamtambua nani kuwa ndiye mshambulizi?

Gairo ni nchi ya Wakaguru, juu ya uwanda ulio kati ya milima ya Ukaguru na Ugogo, katika barabara iendayo Dodoma kutoka Morogoro. Ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kilosa mpaka ilipofanywa wilaya yenyewe mwaka 2012. Ni nchi ya jembe, na pembezoni mwake na ndani yake wamekaa wafugaji kwa vizazi vingi. Ng'ombe huingia shambani kwa kuwa njia ya kwenda majini imelimwa. Njia imelimwa kwa kuwa mkulima aligawiwa ardhi hiyo na wenye kugawa. Mkulima humfukuza ng'ombe, na anajilinda. Mfugaji humzuia mkulima asimkate ng'ombe, naye anajilinda. Mwishoni mwa miaka ya 1950 palizuka Ukaguru chama kilichoitwa Umwano, ambacho mwanazuoni T. O. Beidelman alikieleza katika makala yake ya 1961. Kilizaliwa katika uhasama wa namna hii kati ya Wakaguru na Wabaraguyu, na kila aliyekuwamo alikiona ni chama cha kujilinda. Si rahisi kudhani kwamba Wabaraguyu walikiona hivyo. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wafugaji na wakulima. Walikuwamo wanawake na watoto. Kila mtu katika kijiji kile na katika maboma jirani apewe kwa fikira bastola ya van Vogt, ijuayo haki na batili: ingewaka upande upi? Mtungaji anayeweza kujibu swali hilo ameandika riwaya kubwa kuliko zote zilizopata kuandikwa juu ya Morogoro. Anayelikwepa kwa kuwafanya washambulizi wa hadithi yake kuwa viumbe wenye ngozi ya kijani amekwepa, wala rangi ya ngozi haitamsetiri.

Udogo wa bastola nao hudhaniwa kuwa ni adabu yake. Bunduki ndefu ni ya vita, husemwa, na bastola ya mfukoni ni ya raia mtulivu asiyependa shari. Historia haikubali. Henry Deringer wa Philadelphia alitengeneza bastola fupi yenye risasi moja tu, ikanunuliwa na watu wa heshima kwa ajili ya kujilinda safarini na mjini. Nayo ndiyo iliyomwua Rais Abraham Lincoln, aliyepigwa nayo kisogoni usiku wa 14 Aprili 1865 akiwa ameketi katika jumba la michezo. Ya pili inaihusu Morogoro yenyewe. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana wa miaka 19 aitwaye Gavrilo Princip alimwua mrithi wa ufalme wa Austria pamoja na mkewe kwa bastola ya mfukoni ya mfano wa 1910, iliyobuniwa na Mmarekani Browning na kuundwa Herstal, Ubelgiji. Vita vilivyowaka kwa sababu ile, au kwa kisingizio kile, vilifika Morogoro: majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia mjini 26 Agosti 1916, baada ya Wajerumani kuuhama. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita vile, wengi wao kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam ni masalio ya kikosi chao. Hakuna mpagazi hata mmoja kati yao aliyeiona bastola ya Herstal, wala aliyeambiwa kwamba ilikuwa ndogo.

Huenda ikajibiwa kwamba hayo ni ya Ulaya, na kwamba Mwafrika, kwa kuwa alinyimwa silaha, ana haki ya kujipa moja katika ndoto zake. Hoja hii ina uzito, na inastahili jibu lisilo la haraka. Ni kweli alinyimwa. Mkataba wa Brussels wa 2 Julai 1890, uliotiwa sahihi kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia bunduki za kisasa, zenye mifuo ndani ya mtutu, zisiingizwe katika nchi za Afrika zilizo kati ya latitudo 20 kaskazini na latitudo 22 kusini, isipokuwa kwa mikono ya serikali na ya wachache wenye ruhusa. Kilichoweza kuachiwa wenyeji ni gumegume na baruti ya kawaida. Mataifa yaliyotia sahihi yalikuwa yakigawana Afrika katika miaka ileile, na bunduki zenye mifuo hazikuzuiwa kwa askari wao.

Lakini na itazamwe lugha ilivyofanya kwa kile kidogo kilichoachwa. Bunduki ni neno lililotoka Kiarabu, na bastola ni la Kireno. Vitu vilikuja na majina yake, kama wageni. Walakini mara vilipoingia mikononi mwa watu viliota majina ya hapa. Kuna gumegume, yenye jiwe la kutoa cheche. Kuna gobore, lishindiliwalo kwa mdomo. Kuna mtutu, kitako, mtambo, fataki, marisawa, na kitendo chenyewe cha kushindilia, ambacho sasa hutumiwa hata kwa mtu alaye kwa pupa. Kila jina katika hayo ni ushahidi kwamba paliishi mtu aliyekifungua chombo, akakisafisha, akakikuta kibovu, akakitengeneza. Fundi wa kijiji aliyeweza kutengeneza gobore kwa bomba la chuma alikuwa mvunja sheria, na chombo chake kimeua watu na tembo wasio na hesabu. Hapa hasifiwi kwa hayo. Anatajwa kwa sababu alijua jambo ambalo mtungaji wa bastola ya mwanga halijui: kwamba silaha ina sehemu. Mwanafunzi wa lugha na aichukue hadithi ye yote ya bastola hizi ahesabu maneno yanayoitaja. Atapata jina lake, na kitenzi cha kumulika, basi. Kitu kisicho na sehemu hakihitaji msamiati, na wanaodai kwamba hadithi hizi zinaitajirisha lugha wangefaa kuonyesha utajiri wenyewe uko wapi.

Wala si kweli kwamba Waafrika wa nchi hii hawakupata kujibunia silaha ya kujilinda. Waliibuni moja, iliyokuwa ndogo kuliko bastola yo yote na yenye kutisha kuliko zote kwa matokeo yake. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za mtama, yaliyoaminiwa kwamba yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Vita vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini maji yake yalitembea bila yeye. Mwisho wa mwezi uleule wapiganaji waliiendea boma ya Mahenge, ambayo leo imo katika mkoa wa Morogoro, wakikabili bombomu waziwazi, safu kwa safu. Risasi hazikugeuka. Katika vita vyote na njaa iliyofuata, Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja 250,000 na zaidi.

Hapa ndipo wasemao "ni hadithi tu" wanapopaswa kunyamaza kidogo. Maji nayo yalikuwa hadithi. Yalikuwa ni habari iliyopita kwa midomo, usiku, kutoka mtu kwa mtu, kwamba kiko kitu kidogo, chepesi, ambacho mwenye nacho hapatikani na adui. Mtu aliyeisikia akaiamini aliondoka kitandani akaenda Mahenge. Lakini haki haina budi kutendeka: maji yalikuwa na jambo ambalo bastola ya mwanga haina. Yalikuwa na miiko. Aliyeyapokea alipewa masharti juu ya mwenendo wake, na kushindwa kulipotokea waliosalia waliulizana ni nani aliyeyavunja. Tena yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine ambao kabla ya hapo hawakuwa na jambo la kuwakutanisha. Ebrahim Hussein alipoitunga tamthilia yake *Kinjeketile*, iliyochapishwa 1969, alifahamu hayo yote mawili, umoja na udanganyifu, na akakataa kumwachilia shujaa wake kirahisi. Bastola ya mfukoni haiwaunganishi watu. Huwafanya wawe mmojammoja. Mwenye nayo hamhitaji jirani, na katika hadithi jirani hutoweka kweli: shujaa hupita katika mji wenye watu milioni asimwite hata mmoja kwa jina.

Hilo la jirani si dogo katika nchi ya vijiji. Mtu anayevamiwa usiku hupiga yowe. Yowe lina sheria zake: alisikiaye asipotoka ataulizwa kesho, na apigaye bila sababu hatasadikiwa tena. Linaweza kuharibika likawa fujo ya kumwua mwizi wa kuku. Limeharibika hivyo mara nyingi, na aibu hiyo haifichiki. Waluguru walipokataa mwaka 1955 kulimishwa matuta kwa nguvu katika milima yao, walikuja kwa wingi na kwa kelele. Mtu mmoja akapigwa risasi akafa, na mpango wa matuta ukaachwa. Mtungaji wa hadithi ya sayansi mwenye akili angeuliza yowe litakuwaje katika karne ijayo, litapita katika chombo gani, nani ataweza kulighushi, na nini kitatokea siku kijiji kizima kitakapolisikia kila mtu asitoke. Huo ungekuwa ubunifu wa mtu aliyeitazama nchi yake. Kuiga bastola ni kazi ya mtu aliyetazama filamu.

Fasihi ya Kiswahili yenyewe haikuanza kwa kutegemea chuma. Shaaban Robert, ambaye alipata kufanya kazi Mpwapwa katika idara ya mifugo katika miaka ya 1940, si mbali na Gairo, aliandika *Kusadikika*, kilichotoka 1951, juu ya nchi iliyo angani. Angekuwa mwanafunzi wa leo angeshauriwa na rafiki zake ampe Karama bastola. Karama ameshitakiwa na waziri Majivuno. Maisha yake yamo hatarini. Baraza zima limemkabili. Anajilinda siku sita kwa maneno. Muhammed Said Abdulla naye, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* cha mwaka 1960 na vilivyokifuata, alimwachia Bwana Msa kiko chake na ubongo wake, na wauaji wakashikwa. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeingia 1974 katika *Kufa na Kupona*, ana bastola na anaitumia sana. Lakini hata yeye bastola yake ni ya chuma, ina idadi ya risasi, na msomaji huzihesabu pamoja naye kwa hofu. Hofu ile ya kuhesabu ndiyo starehe nzuri kuliko zote katika vitabu vile. Bastola isiyoishiwa imeiua. Katama Mkangi katika *Walenisi* cha 1995 alimpeleka shujaa wake Dzombo safari ya mbali mno ya kisayansi, na jina la nchi aliyoifikia, likisomwa polepole, linamrudishia msomaji kioo.

Liko na jambo la mwisho, ambalo wapenzi wa bastola wataliona ni la mashamba. Gairo ina shida ya maji. Ya visima vyake yana chumvi, na mwanamke wa Gairo amekuwa akitembea mbali kutafuta yasiyo nayo. Kutenga chumvi na maji ni sayansi kamili, yenye kanuni, gharama, mabomba, nguvu za umeme, takataka za chumvi zisizo na pa kutupwa, na watu watakaogombania bomba. Mna hadithi humo, na mna silaha pia, kwa kuwa atakayeshika mtambo wa maji katika uwanda mkavu hatahitaji kumfyatulia mtu risasi. Lakini hadithi hiyo haijapata mtungaji, maana watungaji wako mwezini wanapigana.

Kama ni lazima bastola ndogo iwepo, na iwepo, lakini iharibike. Iharibikie Gairo siku ya gulio, mvua ikinyesha, adui akiwa bado hajaonekana lakini ajulikane kuwa yuko njiani. Shujaa aipeleke kwa fundi anayetengeneza redio na simu chini ya turubai kando ya barabara. Fundi ataipokea, ataipima uzito, ataigeuza huku na huku akitafuta skrubu, hataiona. Atauliza inafunguliwa wapi, inakula umeme gani, na kipuri chake kinauzwa duka lipi. Kisha, kwa kuwa ni fundi wa kweli, atauliza kabla ya kuigusa ni ya nani na iliwahi kumpiga nani.